Muziki wa China wa leo: anza na noti moja

Wengi wetu tulikutana na muziki wa Kichina kwa mara ya kwanza kwenye banda la video: gongo linalia, filimbi inafuata, mzee mwenye ndevu nyeupe anaruka juu ya paa. Baadaye zikaja tamthilia zilizotiwa sauti za Kiswahili, na nyimbo zake za mapenzi zinazoteremka taratibu mwisho wa kila sehemu. Mtu akiamua kutoka hapo na kwenda mbele zaidi, huchanganyikiwa upesi. Atamkuta mtunzi anayeiandikia okestra ya New York muziki wa mabakuli ya maji. Atawakuta vijana wa Chengdu wanachana mistari kwa lafudhi ya Sichuan. Atamkuta mwanamama anayeimba wimbo usio na neno hata moja lenye maana, na nchi nzima ikijaribu kumwiga. Hawa wana undugu gani?

Undugu upo, na naamini unapita katika mambo mawili. La kwanza ni tabia ya kuichukulia sauti moja kuwa kitu kamili chenye maisha yake. La pili ni ugomvi wa miaka mia moja kuhusu kipi kihesabiwe kuwa cha Kichina, na nani mwenye haki ya kukihesabu. Ukivishika hivyo viwili, majina hayakutishi tena.

Kwanza tuondoe kikwazo kimoja. Husemwa kwamba muziki wa China ni muziki wa noti tano. Si uongo, ila haimsaidii msikilizaji. Noti tano zipo Ethiopia, zipo Scotland, zipo kwa Wagogo wa Dodoma. Ukizibonyeza funguo nyeusi za piano ovyoovyo utapata ule "Uchina" wa matangazo ya biashara, basi. Jambo lenyewe liko kwenye kile kinachofanyiwa noti baada ya kupigwa, na mahali pazuri pa kulisikia ni kwenye guqin.

Guqin ni ubao mrefu wenye nyuzi saba, unaolazwa mezani. Pembeni mwake zimepachikwa alama 13 za kumwonyesha mpigaji pa kugusa. Sauti yake ni ndogo mno. Mtu akikohoa chumbani, sentensi nzima imekupita. Maandishi yake ya kale ni ya ajabu: hayakuambii noti gani, wala idumu muda gani. Yanakuambia kidole gani, uzi upi, alama ipi, uvute kwa ndani au usukume kwa nje, kisha kidole cha kushoto kiteleze hadi wapi. Mapigo mpigaji anayatafuta mwenyewe, na kipande kimoja kinaweza kumla miezi. Uzi ukishapigwa, kazi ndiyo kwanza inaanza. Kidole cha kushoto kinautikisa, kinauteleza juu, kinaurudisha, mpaka mlio unakwisha na kinachobaki ni mkwaruzo wa ngozi juu ya uzi. Mkwaruzo huo nao umo ndani ya muziki. Anayengojea wimbo wa kufuatisha kwa mluzi ataona hakuna kinachotokea.

Mwaka 1977 Marekani ilipovirusha angani vyombo vya Voyager na santuri ya dhahabu yenye sauti za dunia, China iliwakilishwa na guqin: kipande cha Liu Shui, yaani maji yanayotiririka, kilichopigwa na Guan Pinghu. Kinachukua dakika saba na ushee, kati ya vipande virefu zaidi vilivyomo. Aliyekipendekeza ni Chou Wen-chung, mtunzi Mchina aliyehamia Marekani mwaka 1946, akawa mwanafunzi wa mtunzi Edgard Varèse, kisha mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia. Lishike jina hilo, kwa sababu huyo huyo ndiye aliyewafungulia mlango watunzi ambao leo wanajulikana dunia nzima.

Watunzi hao ni watoto wa Mapinduzi ya Utamaduni. Kuanzia 1966 hadi 1976 muziki wa Ulaya ulipigwa marufuku, vyuo vya muziki vikasimama, na jukwaani kukabaki kazi chache za mfano zilizoidhinishwa chini ya jicho la Jiang Qing, mke wa Mao. Vijana wasomi wakapelekwa vijijini. Tan Dun, mzaliwa wa Hunan wa mwaka 1957, alipanda mpunga. Alitoka shambani pale boti ya kikundi cha opera ya Beijing ilipopinduka, baadhi ya wasanii wakafa, na nafasi zao zikahitaji watu. Chen Yi wa Guangzhou alibeba mawe mlimani huku fidla yake akiwa nayo. Lengo la kuwapeleka lilikuwa kuwatoa usomi kichwani. Matokeo yake ni kwamba walisikia vilio vya msibani, nyimbo za wakulima, ngoma za opera za vijijini na waganga wakiita roho, mambo ambayo mwanafunzi wa Shanghai asingeyasikia maisha yake yote. Sidhani kama kuna sera iliyogeuka kinyume cha nia yake namna hiyo, ingawa wale waliovunjwa mgongo na miaka ile hawawezi kuiona kama kichekesho.

Mwaka 1978 Chuo Kikuu cha Muziki cha Beijing kikafungua milango, na darasa lililoingia mwaka huo lina majina ya kutisha: Tan Dun, Chen Yi, Zhou Long, Guo Wenjing, Ye Xiaogang, Qu Xiaosong, Chen Qigang. Walikuwa na njaa. Karne nzima ya muziki wa Ulaya, kuanzia Debussy hadi muziki usio na ufunguo wowote wa kutegemea, iliwafikia ndani ya miaka michache. Mwaka 1980 mtunzi Alexander Goehr alitoka Uingereza kwenda kuwafundisha. Walipousikiliza muziki huo waligundua jambo. Waasi wa Ulaya walikuwa wanautafuta muziki wa rangi ya sauti, wa ukimya, wa kelele zenye maana, wa noti moja inayobadilika ikiwa hewani. Vyote hivyo hawa walikuwa navyo nyumbani, kwenye guqin na kwenye ngoma za opera. Chou Wen-chung alikuwa akiyasema hayo hayo kutoka New York, kisha akawasaidia kwenda Columbia. Tan Dun alifika mwaka 1986.

Tuingie ndani ya kazi moja. Ghost Opera, yaani opera ya mizimu, Tan Dun aliiandika mwaka 1994 kwa ajili ya Kronos Quartet, kundi la wapigaji wanne wa fidla na ndugu zake, na mpigaji pipa, Wu Man. Pipa ni gambusi ya Kichina yenye nyuzi nne. Wapigaji ni watano tu, lakini jukwaani kuna pia maji, mawe, karatasi na vyuma. Maji yanachotwa na kumwagwa ndani ya bakuli; upinde wa fidla unakwaruza ukingo wa gongo. Katikati ya hayo kinapita kipande cha Bach, mtunzi wa kale wa Ujerumani, polepole, kama mgeni aliyekosea nyumba. Upande wa pili inatokea Xiao Baicai, wimbo wa watu wa kaskazini ya China unaomhusu binti aliyefiwa na mama akaachiwa mama wa kambo. Wapigaji wanapaza sauti, wananong'ona, wanahama kutoka pembe moja kwenda nyingine. Wazo lenyewe limetoka kwenye matambiko ya msiba ya Hunan, ambamo marehemu, walio hai na wasiozaliwa wanazungumza pamoja. Msikilizaji wa kwanza atauliza "wimbo uko wapi?" Ajaribu tena akifuata maji peke yake, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Maji yana mstari wake, na Bach na yule yatima wanasafiri juu yake.

Baada ya hapo Tan Dun akawa mtu mkubwa: tuzo ya Oscar ya mwaka 2001 kwa muziki wa filamu ya Crouching Tiger, Hidden Dragon, konseto (kazi ya mpigaji mmoja mbele ya okestra) ya maji, konseto ya karatasi, opera ya Mfalme wa Kwanza kwenye jukwaa la Metropolitan la New York mwaka 2006. Kwa maoni yangu kadiri majukwaa yalivyokua ndivyo maonyesho yalivyozidi muziki. Anayetaka kitu kikali zaidi amsikilize Guo Wenjing, mtu wa Chongqing ambaye, tofauti na wenzake wengi, hakuhama. Konseto yake ya filimbi ya mwanzi, Chou Kong Shan, inaianza filimbi ile inayojulikana kwa upole kisha inaikamua mpaka inapiga kelele. Chen Qigang alikwenda Paris akawa mwanafunzi wa mwisho wa mtunzi Olivier Messiaen, na muziki wake una mwanga wa Kifaransa. Yeye ndiye aliyeongoza muziki wa ufunguzi wa Olimpiki ya Beijing mwaka 2008. Zhou Long alipata Pulitzer, tuzo kubwa ya Marekani, mwaka 2011. Mwaka 2017 ikaenda kwa Du Yun, mwanamke wa Shanghai wa kizazi cha baadaye, ambaye opera yake Angel's Bone inachanganya uimbaji wa kanisani na kelele za punk bila kuomba radhi. Kwa Du Yun swali la "Uchina uko wapi humu" limeshachosha; halijibu.

Kwenye nyimbo za kupendwa swali hilo limekuwa kali zaidi, na mara nyingine la hatari.

Wimbo wa kisasa wa Kichina ulizaliwa Shanghai miaka ya 1920, mikononi mwa Li Jinhui, aliyezikutanisha nyimbo za kienyeji na jazi ya kumbi za dansi. Zhou Xuan akawa sauti ya zama hizo. Wakubwa wa pande zote mbili za siasa hawakuupenda: waliuita muziki wa "njano", yaani wa uchafu, na baada ya 1949 ulikoma China bara. Waimbaji na wenye studio wakahamia Hong Kong. Hii ndiyo sababu kwa miaka thelathini hivi nyimbo za mapenzi za Kichina zilitengenezwa Hong Kong na Taiwan, wakati mamia ya mamilioni ya watu wa bara wakiimba nyimbo za chama.

Halafu zikaingia kanda. Mwishoni mwa miaka ya 1970 sauti ya Teresa Teng wa Taiwan ilivuka mlango bahari ikiwa imenakiliwa kanda kwa kanda, kila nakala hafifu kuliko iliyotangulia. Aliimba kwa sauti ya karibu, kama anayekuambia wewe peke yako, kwa watu ambao maisha yao yote walikuwa wameimbiwa kwa vipaza sauti vya uwanjani. Jina lake la ukoo, Deng, ni lile lile la Deng Xiaoping, na watu wakatania: mchana tunamsikiliza Deng mzee, usiku Deng mdogo.

Jibu la bara lilikuja tarehe 9 Mei 1986 ndani ya Ukumbi wa Michezo wa Wafanyakazi, Beijing. Cui Jian, mpiga tarumbeta wa okestra, alipanda jukwaani suruali ikiwa imekunjwa mguu mmoja juu kuliko mwingine, akaimba Yi Wu Suo You: sina kitu chochote. Kwa juu ni mwanamume anayemwomba mpenzi amfuate japo hana mali. Kila aliyekuwepo alijua kwamba "sina kitu" inaweza kusemwa na kizazi kizima. Hapa msikilizaji aliyelelewa na taarabu hana haja ya kufundishwa: mafumbo ni yale yale, anayeimba hasemi, anayesikia ameshaelewa. Mei 1989 Cui Jian aliwaimbia wanafunzi katika uwanja wa Tiananmen, na baada ya hapo alifungiwa milango ya kumbi kubwa kwa miaka mingi.

Tafuta rekodi ya wimbo huo ya mwaka 1989 usikilize pale gitaa linapopisha. Kinachoingia ni suona, nzumari ya Kichina. Nasema nzumari kwa maana kamili: ni chombo cha ukoo mmoja na nzumari ya pwani yetu, mwanzi wa ncha mbili kinywani na mdomo mpana mbele, na ukoo huo ulisambaa pande zote kutoka Uajemi na nchi za jirani zake. China kaskazini suona hulia harusini na mazikoni. Cui Jian alipoiweka ndani ya roki alimaliza mjadala wa kama roki inaweza kuwa ya Kichina, na alitumia sauti ambayo masikio ya Beijing yaliiona ya kishamba. Bendi ya Second Hand Rose ilirithi mbinu hiyo ikaongeza vichekesho vya kaskazini mashariki.

Wanaroki wa miaka ya 1990 walisoma kwenye takataka. Kampuni za muziki za Marekani na Ulaya zilikuwa zikiuza kanda na CD zilizododa kama plastiki chakavu, zikiwa zimekatwa ukingoni ili zisichezwe tena. Makontena yalishuka kusini mwa China, na wajanja wakagundua kwamba CD husomwa kuanzia katikati kwenda nje: msumeno umeua nyimbo za mwisho tu, zilizobaki zinacheza. Kanda iliyokatwa mtu aliiunga kwa gundi. Bidhaa hiyo iliitwa dakou, ikauzwa vichochoroni bila mpangilio, Nirvana pembeni ya kwaya za Bulgaria. Ndiyo maana bendi za Beijing za wakati ule zina mchanganyiko usiotabirika: hazikuipokea historia ya roki kwa mfuatano, ziliipokea kwa kilo.

Kusini, Hong Kong, tatizo lilikuwa la lugha. Kichina ni lugha ya toni, na msomaji ambaye lugha ya mama ni Kikuyu, Kihaya au Kinyarwanda anajua toni ikikosewa maana inahama. Waimbaji wa Kimandarini, yaani Kichina rasmi, waliamua zamani kwamba wimbo utashinda toni, na msikilizaji atajaza kwa muktadha, au atasoma maneno kwenye skrini. Kikantoni, Kichina cha Hong Kong, hakikubali. Kina toni sita, na neno lisilofuata mwinuko wa wimbo huwa neno jingine, mara nyingi la kuchekesha. Kazi hufanyika kinyumenyume: mtunzi anakabidhi wimbo uliokamilika, mwandishi anatafuta maneno yanayopanda na kushuka sawasawa nao. Waandishi wengi huupima wimbo kwa tarakimu: sifuri, mbili, nne, tatu, kwa sababu kwa Kikantoni majina ya namba hizo, kwa mpangilio huo, yanapanda kutoka toni ya chini hadi ya juu. Mstari mzima unaandikwa kwanza kwa namba, halafu maneno yanaletwa. Ukijua hilo utaelewa kwa nini wimbo mzuri wa Kikantoni unasikika kama mtu anayeongea.

Bendi ya Beyond ilipata njia nyingine ya kuikwepa kazi hiyo. Mwaka 1991 walitembelea Kenya, wakarudi na wimbo unaoitwa Amani, wa kupinga vita vinavyoumiza watoto, na kiitikio chake ni cha Kiswahili. Sarufi inapepesuka kidogo, lakini "nakupenda" inasikika vizuri kabisa. Wong Ka Kui, kiongozi wao, alifariki Tokyo mwaka 1993 baada ya kuanguka jukwaani wakati wa kurekodi kipindi cha televisheni.

Kutoka Taiwan mwaka 2000 akatokea Jay Chou, aliyeichukua R&B akaifanya yake kwa matamshi ya kumumunya maneno ambayo walimu wa shule waliyachukia. Akiwa na mwandishi Vincent Fang alianzisha mtindo unaoitwa zhongguofeng: mapigo ya kisasa, pipa na erhu (fidla ya nyuzi mbili) kwa nyuma, maneno ya ushairi wa kale. Dong Feng Po ya mwaka 2003 ndiyo iliyofungua njia. Wimbo wenyewe ni mtamu. Waliomfuata wengi wao wamegeuza mtindo huo mapambo, na hapo ndipo noti tano za matangazo ya biashara zimerudi kwa mlango wa nyuma.

Ndipo ilipotokea Tan Te, wimbo wa Gong Linna uliosambaa mtandaoni mwaka 2010. Mtunzi ni Mjerumani, Robert Zollitsch, wakati huo mume wa mwimbaji. Hauna maneno. Una silabi, nyingi zikifanana na zile ambazo wapiga ngoma wa opera hutumia kukariri mapigo. Gong Linna, akisindikizwa na filimbi, sheng (kinanda cha mdomo) na yangqin (nyuzi zinazogongwa kwa vijiti), anaruka kutoka sauti ya bibi kizee hadi ya jemadari hadi ya binti, macho yakimtoka, bila kupumzika. Watu walicheka, wakarekodi video za kumwiga, wakashindwa. Kwa kila kipimo cha shuleni ni muziki wa majaribio, mgumu kuliko mengi yanayopigwa kwenye kumbi za watunzi wa darasa la 1978, na uliingia kwenye simu za watu ambao hawajawahi kukanyaga kumbi hizo.

Ugomvi wa kipi kihesabiwe nao haujaisha. Mwaka 2017 shindano la rap la mtandao wa iQIYI liliufanya muziki huo kuwa wa kila nyumba. Miezi michache baadaye, Januari 2018, televisheni zikaagizwa kuwa na hadhari na wasanii wa utamaduni huo, na sura kadhaa zikatoweka kwenye vipindi. Mwaka 2023 Dao Lang, mwimbaji ambaye wakubwa wa tasnia waliwahi kumdharau kuwa ni wa watu wasio na elimu, alitoa Luocha Haishi, wimbo uliojengwa juu ya hadithi ya Pu Songling, mwandishi wa kale, kuhusu nchi ambako sura mbaya ndiyo inayotukuzwa. Hakumtaja mtu. Mtandao mzima ukatumia wiki kadhaa kupanga majina ya wanaosemwa.

Ukitaka kuanza leo, usianze na orodha za nyimbo zinazopendwa wiki hii. Anza na Liu Shui ya Guan Pinghu, usiku, kwa visikizi. Kesho yake Teresa Teng, wimbo wowote. Halafu Cui Jian kwa ajili ya suona, Tan Te ukiwa unaitazama, na mwimbaji Faye Wong, albamu yake ya 1996 inayoitwa Fuzao, ambayo mashabiki wa nyimbo laini waliikataa na mimi naiona bora kuliko zake zote. Ghost Opera iache ya mwisho, na uipe sauti ya juu kidogo, maana maji yake ni ya chinichini.